IJUE MBAO YA MVULE

Ndugu msomaji, ukiona mlango wa zamani umedumu miaka mingi bila kuliwa na mchwa, muulize fundi umetengenezwa kwa mti gani. Mara nyingi atakujibu kwa neno moja tu: mvule. Katika makala hii fupi tutaeleza kwa nini mbao hii inasifiwa, inatumika wapi, na kwa nini inazidi kuwa adimu.

MTI WENYEWE

Mvule, kwa jina la kitaalamu Milicia excelsa, ni wa jamii moja na mfenesi na mtini. Ndiyo maana gome lake likikatwa hutoa utomvu mweupe. Huota katika Afrika ya joto, kuanzia nchi za magharibi mpaka Msumbiji. Katika biashara ya dunia mbao yake huitwa iroko. Mti uliokomaa unaweza kufikia urefu wa mita 50, na shina lake hunyooka bila matawi kwa kimo kirefu. Kwa hiyo gogo moja hutoa mbao ndefu na pana.

SIFA ZAKE

1. Rangi: Mbao mpya ni ya manjano, na kadiri inavyokaa kwenye mwanga na hewa hugeuka kuwa kahawia.

2. Uimara: Kiini chake kina kemikali za asili zinazozuia mchwa na kuoza. Sehemu ya nje iliyo nyeupe haina kinga hiyo. Ukinunua mbao yenye ukingo mweupe, ujue wadudu wataanzia hapo.

3. Utulivu: Ikikaushwa vizuri haipindi ovyo wala haivimbi sana wakati wa mvua.

4. Uzito: Mita moja ya ujazo ya mbao kavu ina uzito wa kilo 650 hivi. Ni nzito kuliko mbao nyingi za misonobari, lakini bado randa inaipitia vizuri.

MATUMIZI

Kwa sifa hizo, mvule hutumika kwa milango na fremu zake, madirisha, ngazi, sakafu, samani na vyombo vya majini. Mafundi wengi huutumia mahali pa msaji, hasa kwa kazi za nje zinazopigwa na jua na mvua.

TAHADHARI KWA FUNDI

Ndani ya gogo la mvule mara nyingine huwamo mawe magumu ya chokaa yaliyotengenezwa na mti wenyewe. Hayaonekani kwa nje, na msumeno ukiyagonga meno yake huharibika. Pia vumbi lake huwasha ngozi na kusumbua kifua, hata kuleta pumu kwa baadhi ya watu. Anayepasua au kupiga msasa afunike pua na mdomo.

KWA NINI UNAADIMIKA

Mtu anaweza kusema, "Tukate, tutapanda mwingine." Mvule hauko hivyo. Kwanza, kuna mti dume na mti jike. Wakikatwa majike yote, mbegu hakuna. Pili, popo ndio wasaidizi wakubwa wa kusambaza mbegu zake, kwa kula matunda. Tatu, mdudu mdogo aitwaye Phytolyma huingia kwenye machipukizi ya miche na kusababisha uvimbe, kisha ncha ya mche hufa. Miche ikipandwa mingi pamoja mahali peupe hushambuliwa sana. Inashauriwa ipandwe michache, ikichanganywa na miti mingine penye kivuli kiasi. Aidha, kisiki kilichoachwa huweza kuchipua, basi kisichomwe wala kung'olewa.

HITIMISHO

Ndugu wanafunzi, mvule hukatwa kwa siku moja, lakini hukua kwa miongo mingi. Mlango tunaoufungua leo ulitokana na mti ambao fundi aliukuta tayari. Tusipotunza miche na visiki, wajukuu wetu wataikuta milango tu, bila mti wa kutengenezea mingine.