Mkato wa shina chini ya hadubini: Namna mnyauko fuzari wa mibuni unavyotambuliwa

Mbuni unaweza kufa kwa kiu ilhali mizizi yake imezama katika udongo wenye maji ya kutosha. Hali hiyo inafahamika vyema kwa wakulima wa kahawa ya Robusta mkoani Kagera, ambako ugonjwa wa mnyauko fuzari uliripotiwa mwaka 1997, miaka minne baada ya kubainika nchini Uganda. Huko Uganda, hadi kufikia mwaka 2002 ugonjwa huo ulikuwa umeangamiza zaidi ya asilimia 40 ya mibuni ya Robusta.

Dalili zake za nje si siri. Majani hulegea, hugeuka manjano kisha kahawia, na hatimaye hupukutika. Matunda huwa mekundu kabla ya wakati wake, kana kwamba mavuno yamewadia. Ndani ya miezi michache mti wote huwa umekauka. Tatizo ni kwamba ukame wa muda mrefu, uozo wa mizizi na mashambulizi ya bungua katika shina huweza pia kuufanya mbuni ulegee kwa namna inayofanana na hiyo. Mkulima anayeng'oa mibuni yake kwa kudhani tu hupoteza mapato ya miaka kadhaa. Anayeiacha isimame, huku chanzo kikiwa ni fuzari, huhatarisha shamba lake pamoja na la jirani.

Uchunguzi wa kwanza hufanyika shambani. Gome la sehemu ya chini ya shina hukwanguliwa kwa kisu, na mti ulioambukizwa huonyesha michirizi ya rangi ya bluu iliyokoza inayokaribia weusi juu ya ubao. Ili kujua kinachoendelea ndani ya ubao huo, sampuli hupelekwa maabara, hukatwa vipande vyembamba, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini.

Maji husafiri katika shina kupitia mirija myembamba iitwayo zailemu. Mirija hiyo ni mabaki ya seli zilizokufa, ambazo kuta zake zimeimarishwa kwa lignini, kitu kigumu kinachoupa ubao uimara wake. Nje ya zailemu hupita floemu, inayosafirisha chakula kilichotengenezwa na majani. Katika shina changa la haragwe, mafungu ya mirija hiyo hupangika kwa duara. Katika shina la mahindi hutawanyika pote. Mbuni ni wa kundi la haragwe, ila shina lake linapokomaa zailemu hujaza karibu sehemu yote ya ndani na kuwa ubao.

Ukataji ndio hatua inayohitaji mkono mtulivu. Tawi changa huweza kukatwa kwa wembe mpya, likiwa limebanwa ndani ya kipande cha karoti au kiazi ili lisiteleze. Wembe na tawi hulowanishwa kwa maji, na vipande huachwa vielee katika kisahani cha maji. Ubao uliokomaa haukubali wembe wa mkononi. Kipande chake kidogo hulainishwa kwa kuchemshwa katika maji yenye gliserini, kisha hukatwa kwa mashine maalumu iitwayo mikrotomu, yenye uwezo wa kutoa mikato ya unene wa mikromita 20 hivi, ambao ni chini ya theluthi moja ya unene wa unywele. Mkato mnene huzuia mwanga, na atazamaye huona giza lililopangana juu ya giza.

Mkato usiotiwa rangi huonekana kama kioo chenye mistari hafifu. Rangi inayotumika sana kwa kazi hii ni toluidini bluu. Mkato huwekwa katika myeyusho wake wa asilimia 0.05 kwa takriban dakika moja, kisha husuuzwa kwa maji safi. Faida ya rangi hii ni kwamba, ingawa ni moja, hutoa zaidi ya rangi moja: kuta zenye lignini huwa na bluu inayoelekea kijani, na kuta laini zisizo na lignini huwa na zambarau au waridi. Maabara nyingine hutumia safranini, inayotia wekundu sehemu zenye lignini, ikiambatana na rangi ya pili ya kijani kwa sehemu zilizobaki. Mkato ukishasuuzwa huwekwa juu ya kioo katika tone la maji na kufunikwa kwa kioo chembamba, kinachoshushwa kwa mshazari ili hewa isinaswe. Viputo vya hewa, vyenye ukingo mweusi wa duara kamili, vimewapotosha wanafunzi wengi wakidhani wameona seli. Chembe za rangi ya machungwa zikionekana, huenda zimetoka kwenye karoti.

Utazamaji huanza kwa ukuzaji wa mara 40, ili kuona mpangilio wa shina lote, ndipo huongezwa hadi mara 100 na 400. Katika mbuni wenye afya, mirija ya zailemu huonekana kama matundu ya duara yaliyo wazi, yamezungukwa na kuta za bluu-kijani. Uwazi huo ndio njia ya maji.

Katika magonjwa ya mnyauko wa aina hii, matundu huwa yameziba. Baadhi huwa na nyuzi nyembamba za kuvu. Mengine hujazwa utomvu wa kahawia, au vifuko vinavyofanana na puto, ambavyo seli hai za jirani huvisukuma ndani ya mrija kupitia vitundu vya ukutani. Vifuko hivyo ni kinga ya mti wenyewe, unaojaribu kumfungia adui njia. Lakini kadiri mirija mingi inavyofungwa ndivyo majani yanavyokosa maji. Mti uliolegea kwa ukame pekee hauna nyuzi hizo. Ili nyuzi za kuvu zionekane kwa uwazi zaidi, hutumika rangi nyingine ya bluu inayoshika kuta zake.

Hata hivyo, hadubini huonyesha kwamba kuvu wamo, si jina lao. Kuthibitisha kuwa ni Fusarium xylarioides hulazimu kuotesha vimelea katika chakula maalumu cha maabara na kuchunguza mbegu zao, au kupima vinasaba. Kwa sababu hiyo, sampuli inayofaa ni ya mti ulioanza kulegea. Mti uliokwisha kukauka huvamiwa na kuvu wengine wa maozo, na majibu yake huchanganya.

Ugonjwa ukithibitishwa, mbuni hung'olewa na kuchomwa moto papo hapo. Kuni zake hazibebwi kwenda nyumbani, na panga lililotumika hutakaswa kwa moto kabla ya kugusa mti mwingine, kwa kuwa vimelea huingia kupitia majeraha. Kwa upandaji upya zipo aina za Robusta zenye ukinzani, zinazoendelezwa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ambayo kwa Kagera ina kituo Maruku. Mkulima anayetaka kupeleka sampuli anashauriwa kumwita kwanza afisa ugani, ili ikatwe na kufungwa bila kusambaza vimelea njiani.