Mbweha Hewani na Chembe Ukutani: Katuni na Fizikia ya Kwanta

Wanaofundisha fizikia ya kwanta huazima mara nyingi mifano ya filamu za katuni. Mifano hiyo huchekesha na kukaa akilini. Hata hivyo, neno moja lisilofaa laweza kuigeuza kuwa mtego.

Katika filamu fupi ya mwaka 1949 iliyoongozwa na Mmarekani Chuck Jones, mbweha aitwaye Wile E. Coyote anachora tundu la njia juu ya mwamba ili amnase ndege Road Runner. Ndege anapita ndani ya picha. Mbweha akimfuata, anajigonga.

Kwa wanafizikia, kupenya ukuta si mzaha. Mwaka 1928 George Gamow, na kwa upande wao Ronald Gurney na Edward Condon, walieleza jinsi chembe ya alfa inavyotoka katika kiini cha atomu, ingawa haina nishati ya kutosha kukiruka kizuizi kinachoizunguka. Ndivyo itokeavyo katika mawe ya urani ya Shinkolobwe, huko Katanga. Lakini bahati hiyo ni adimu: nusu ya atomu za urani 238 huchukua miaka bilioni 4.5 hivi kubadilika. Tena, kwenye katuni ukuta humpendelea ndege. Katika atomu hakuna mpendwa, kuna uwezekano unaohesabika.

Mzaha wa pili ndio wenye hatari. Mbweha apitaye ukingo wa genge hutembea hewani, wala haanguki mpaka atazame chini. Wengi husema kwamba chembe nayo haina mahali maalumu mpaka itazamwe. Ulinganisho huu wapotosha. Mbweha huanguka kwa kuwa ametambua hali yake. Chembe haingoji kutambuliwa na yeyote. Chombo kikiandika njia yake, au molekuli za hewa zikiigonga, tabia yake ya mawimbi hufifia, hata kama chumbani hamna mtu.

Kwa hiyo, katika maandishi ya Kiswahili, yafaa kusema chembe «hupimwa», si «hutazamwa». Kutazama kwahitaji jicho na nia. Kupima kwaweza kufanywa na chombo kisicho na akili. Mwanafunzi na acheke na mbweha, ila asidhani kwamba macho yake ndiyo yanayoushikilia ulimwengu.