Bunduki Moja, Risasi Mbili: Kiswahili Kinasemaje?

Si ada ya mwanaisimu kujishughulisha na silaha, na huenda msomaji akastaajabu kuona safu hii, iliyozoea kuzungumzia ngeli na vitenzi, ikiingia leo katika ghala la bunduki. Hata hivyo, jambo lenyewe limetoka darasani. Mwalimu mmoja wa Kiswahili afundishaye sehemu za Naitiri, katika kaunti ya Bungoma, aliwapa wanafunzi wake ukurasa mmoja wa Kiingereza waufasiri. Ukurasa huo ulieleza majaribio ya kifaa kinachotiwa ndani ya bunduki kubwa ya kivita ili iweze kupiga risasi ndogo na za bei nafuu. Wanafunzi walijitahidi, lakini kazi zao zote zilifanana katika kasoro moja: palikuwa na neno “bunduki” kila mstari na neno “risasi” kila nusu mstari, na aliyesoma hakuweza kutambua ni kitu gani kilichobadilishwa, wala kimebadilishwa kwa nini.

Kabla ya kuwalaumu vijana hao, yafaa tukielewe kwanza kile walichokuwa wakikifasiri.

Risasi ya kisasa ina sehemu nne: ganda la shaba, baruti iliyomo ndani yake, kichwa cha risasi kinachoruka, na kiwashio kidogo kinacholipuka kikigongwa na kuiwasha baruti. Tofauti kubwa baina ya jamii mbili za risasi iko katika mahali kilipo kiwashio hicho. Katika jamii ya kwanza, dawa ya kulipuka imefichwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, kuzunguka pande zote, na pini ya bunduki hugonga ukingoni. Risasi za namna hii ni kongwe: ile fupi ya kipimo cha .22 ilitokea Marekani mwaka 1857, na ile ndefu inayotumiwa hadi leo duniani kote ilitokea mwaka 1887. Katika jamii ya pili, kiwashio ni kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako, na pini hugonga hapo katikati. Karibu risasi zote za majeshi na polisi leo ni za jamii hii ya pili.

Risasi ndogo ya ukingoni ina kichwa cha takriban gramu 2.6, nayo huruka kwa mwendo unaokaribia ule wa sauti. Risasi ya kivita ya milimita 7.62, ambayo ndiyo chakula cha bunduki ya G3 inayojulikana sana nchini Kenya kwa kubebwa na polisi, ina kichwa cha gramu 9 na zaidi, kinachotoka mdomoni mwa mtutu kwa mwendo wa takriban mita 800 kwa sekunde. Ni kama kulinganisha teke la mwanambuzi na teke la punda. Kwa hiyo, anayetaka kumfundisha kurutu kulenga shabaha bila kumtia hofu ya kishindo, na bila kufilisi bohari, hutafuta njia ya kuitumia bunduki ile ile kwa risasi ndogo. Majeshi mengi yamefanya hivyo. Jeshi la Marekani lilikuwa na kifaa kilichoitwa M261 kwa ajili ya bunduki ya M16. Kampuni ya Heckler & Koch ya Ujerumani, iliyoibuni G3, nayo ilitengeneza kifaa cha aina hiyo kwa bunduki yake.

Vifaa hivyo viwili havifanyi kazi kwa namna moja. Tundu la mtutu wa M16 lina upana unaokaribiana mno na ule wa risasi ndogo, na kwa hiyo mtutu hauguswi: hubadilishwa komeo la ndani, na magazini hutiwa kifaa cha kushikilia risasi ndogo. G3 ina tundu pana zaidi, hivyo hulazimu kuingizwa mtutu mwembamba ndani ya mtutu mpana, kama upanga ndani ya ala. Katika zote mbili, komeo jipya ni jepesi, maana nguvu ya risasi ndogo haiwezi kulisukuma lile zito la asili. Mwenye kuijaribu silaha iliyobadilishwa hivyo huangalia mambo ya kawaida: je, kila risasi inaingia bila kukwama? Je, pini inagonga ukingo barabara, au ganda linatoka likiwa na alama hafifu na baruti haikuwaka? Je, ganda tupu linatupwa nje? Na je, shabaha iliyowekwa kwa risasi kubwa bado inafaa kwa ndogo? Jibu la swali la mwisho aghalabu ni la.

Mtu akitaka kuyasema haya yote kwa Kiswahili, atakwama wapi?

Wengi hudhani atakwama kwa sababu Kiswahili hakina istilahi za silaha. Dai hilo silikubali. Lugha yetu imeishi na bunduki kwa karne nyingi, na pwani walizungumza habari zake kwa ufasaha tangu zamani. Neno “bunduki” lenyewe ni la Kiarabu. Katika lugha hiyo, neno la karibu nalo lina maana ya tunda dogo gumu lenye ganda, na jina la mji wa Venice linafanana nalo mno, hata wapo wanaohusisha silaha na mji huo. “Risasi” nayo, kama ajuavyo kila mwanafunzi wa kemia, ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kinachoua. “Mzinga” tuliuazima kutoka kwa nyuki: gogo lililotobolewa ndani likatundikwa mtini ndilo lililowapa wazee wetu taswira ya silaha ile nene ya chuma. Na “fyatua” ni johari. Mbwa hufyata mkia, yaani huubana baina ya miguu. Ukiongeza kiambishi cha kutendua unapata fyatua, kukiachia kilichobanwa. Mtego hufyatuka, matofali hufyatuliwa kutoka katika kalibu, na bunduki vivyo hivyo. Sidhani kama Kiingereza kina neno lililobeba fizikia nyingi kiasi hicho katika silabi tatu.

Yapo na mengine yaliyolala kamusini. Mtutu huitwa pia kasiba. Risasi ndogondogo za kupigia ndege ni marisau. Kutia risasi bunduki na kuiweka tayari ni kuishamiri, na hapa mwalimu wa sarufi atatabasamu, kwa kuwa kila siku anawafundisha wanafunzi shamirisho bila kuwaeleza kwamba kitenzi hicho kina harufu ya baruti. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo pia neno “fataki” kwa maana ya kile kiwashio kidogo kinachogongwa ili baruti iwake. Leo kijana wa Kenya akisikia fataki hukumbuka sherehe za mwaka mpya, na mwenzake wa Tanzania hukumbuka kampeni ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000 iliyowapa jina hilo wanaume watu wazima wanaowanyemelea wasichana wa shule. Maana ya kwanza imesahauliwa, lakini haijafa.

Basi mimi napendekeza tuifufue. Risasi ya jamii ya kwanza iitwe risasi ya fataki ya ukingoni, na ya pili risasi ya fataki ya kati. Bunduki ambayo kila ukivuta mtambo hupiga risasi moja, kisha ikaingiza nyingine yenyewe, wanafunzi wale waliiita “nusu-otomatiki”, jina linalomfanya msomaji adhani kwamba imeharibika nusu. Tuseme bunduki ya kujishamiri. Ile inayomwaga risasi mfululizo inalo jina lake tayari, nalo ni zuri: bunduki ya rasharasha. Kifaa chenyewe hakihitaji jina la kifahari. Kigeuzi cha bunduki chatosha.

Huenda msomaji akauliza, Naitiri inahusikaje na haya yote, mahali ambapo watu wanashughulika na mahindi? Inahusika sana. Eneo la Bungoma na Trans Nzoia limeonja mdomo wa bunduki mara nyingi mno. Mwaka 1895 Wabukusu walikabiliana na kikosi cha Hobley huko Lumboka na Chetambe, na bunduki zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyogombaniwa. Palitokea mapigano ya kikabila ya 1991 na 1992, kisha machafuko ya Mlima Elgon kuanzia 2006 hadi jeshi lilipoingia Machi 2008. Na si mbali na hapo, mjini Eldoret, kipo kiwanda cha serikali cha kutengeneza risasi kilichoanzishwa katika miaka ya 1990. Tumeweza kuzitengeneza risasi, ila majina ya sehemu zake bado tunayaagiza kutoka ng'ambo.

Nako mahakamani, neno si pambo. Mwaka 1956 Dedan Kimathi alihukumiwa kifo kwa kupatikana na bastola na risasi sita, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Bastola ile ilikuwa ya silinda inayozunguka. Kiswahili chetu kinaiita bastola tu, sawa na ile ya magazini, na mitaani zote mbili ni “mguu wa kuku”. Hukumu ya leo si ya kamba tena, lakini Sheria ya Silaha, Sura ya 114, bado inapima kosa kwa aina ya silaha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shahidi, mkulima asiyejua Kiingereza, anasema usiku aliona watu wenye “bunduki kubwa ya askari”. Polisi wanaokota maganda shambani, nayo ni madogo, yamegongwa ukingoni. Wakili wa utetezi atasimama na kusema kuwa shahidi ameongopa, kwa sababu maganda yale ni ya bunduki ndogo ya kuwindia ndege. Mtaalamu wa silaha anaweza kuieleza mahakama, kwa Kiingereza, kwamba yapo makomeo yanayoifanya bunduki kubwa ipige risasi ndogo, na kwamba alama ya pini ukingoni haithibitishi umbo la silaha yenyewe. Lakini mkalimani atakayemfasiria mshtakiwa atasema nini? Atasema “bunduki inaweza kupiga risasi”. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya kesi. Haitoi dhamana ya mkalimani mwenye maneno. Na neno “risasi” peke yake ni hatari, kwa kuwa Mkenya hulitumia kwa risasi nzima, kwa kichwa kilichomtoboa mtu, kwa mlio uliosikika, na hata kwa ganda tupu lisiloweza kumdhuru kuku. Kusema “nilimkuta na risasi tatu” ilhali yalikuwa maganda matatu ni kumpeleka mtu jela kwa uzembe wa msamiati.

Kwa sababu hii siwezi kukubaliana na wale walimu wanaosema kuwa matini za kiufundi ziondolewe katika mazoezi ya tafsiri kwa kuwa “hazina fasihi ndani yake”. Mkalimani wa mahakama ya Kitale au Bungoma alikuwa mwanafunzi wa mtu fulani.

Imebaki sehemu moja iliyonishinda. Ni ile ndoano ndogo iliyo kwenye komeo, ambayo hulishika ganda tupu na kulivuta nje baada ya risasi kupigwa. Katika kifaa cha kugeuzia ndiyo sehemu yenye usumbufu mwingi, kwa vile risasi ndogo huacha masizi na nta. Nimefikiria “kulabu”, lakini kulabu ni ya mvuvi na ya mwuza nyama. Wazee waliotumikia K.A.R. waliifungua na kuisafisha bunduki ya .303 kila siku, na sidhani kwamba waliisafisha bila kuitaja. Mwalimu au mwanafunzi wa Naitiri, Kiminini, Kimilili au kwingineko aliyewahi kumsikia babu yake akiitaja kwa jina, na atuandikie kupitia kwa mhariri wa gazeti hili.