Vyombo vya Nyumba vya Bei Rahisi

Kila uandamapo mwezi wa Shaabani, wazazi wa wanafunzi wetu hapa Mbeya hutujia na maswali yasiyo ya hijai wala ya tajwidi. Mmoja ataka kujua kama yafaa kununua kitanda kilichopigwa mnada. Wa pili ameyaona makochi ghalani kwa nusu ya bei ya dukani, na moyo wake hautulii. Wa tatu amekwisha nunua, na alitakalo ni kujua kama aweza kurudisha. Walimu wenzetu wa Iringa, tukutanapo nao, hutuambia kuwa huko nako maswali ni hayo hayo. Basi tumeona ni vema tuyaandike majibu yetu mahali pamoja, ili mume na mke wayasome kabla ya kutoka nyumbani na fedha mkononi; kwani mtu akisha kutoka nazo, nasaha huwa ngumu kumwingia.

Kila chombo cha bei rahisi kina sababu ya urahisi wake. Hakuna mfanyabiashara apunguzaye bei kwa kumpenda mpita njia. Mara nyingi sababu ni njema: mtumishi wa Serikali amepata uhamisho na gharama za lori zimemshinda, mwenye ghala amebakiwa na kabati moja lililokwaruzwa njiani kutoka Dar es Salaam, watu wazima wameoza watoto wao wote na meza ya watu wanane haina tena wa kuikalia. Urahisi wa namna hii ni riziki, na mwenye kuuacha kwa kuona haya ya kutumia kilichotumiwa na mwingine ameinyima jamaa yake bure. Lakini ziko sababu nyingine: ubao umeoza, au muuzaji si mwenye mali, au mwenye mali yuko nyumbani analia. Kwa hiyo twawaambia wazazi waulize sababu kwanza, kisha ndipo waulize bei.

Tuanze na ubao. Nchi yetu hii ya Nyanda za Juu Kusini haina uhaba wa mbao. Msitu wa Sao Hill, wilayani Mufindi, ndio mkubwa kuliko misitu yote ya kupandwa ya Serikali katika Tanzania, na misindano yake, ambayo watu wengi huiita paina, ndiyo iliyomo katika vitanda na makabati mengi yauzwayo kando ya barabara zetu. Msindano ni mti mwema kwa kazi yake, lakini una sharti moja: ubao ukaushwe sawasawa kabla ya kupigwa randa. Fundi mwenye haraka huuchonga ungali mbichi. Mvua zikiisha na upepo mkavu wa kipupwe ukaanza kuvuma, ubao hupinda, viungo huachana, na mlango wa kabati uliokuwa ukifunga barabara mwezi wa Machi hukataa kufunga mwezi wa Agosti. Chombo cha namna hii ndicho kiuzwacho rahisi ghalani, na rangi yake yang'aa kweli kweli. Mnunuzi na akiinue upande mmoja: ubao mbichi ni mzito kuliko ukubwa wake. Kisha apapase kwa ndani, mahali pasipopakwa vanishi, ahisi kama pana ubaridi na unyevu. Atazame na viungo. Kitanda kilichounganishwa kwa ulimi na tundu hudumu. Kilichopigwa misumari mitupu kitaanza kulia kabla ya mwaka.

Kinyume cha huo ni mninga, utokao katika misitu ya miyombo kama ile ya Chunya. Mninga haupindi upesi wala mchwa hawaupendi, na meza iliyoundwa kwa mninga miaka 40 iliyopita yaweza kuwa nzima kuliko mpya ya dukani. Vyombo hivyo vya zamani mara nyingi vimepakwa rangi juu ya rangi, hata muuzaji mwenyewe hajui auzacho. Ama makabati ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kufunikwa karatasi yenye sura ya mti, hayo yakisha kulowa maji huvimba kama mkate na hayarudi tena. Anayeyataka na ainame atazame miguu yake, kwani maji huanzia chini.

Makochi yana taabu kubwa zaidi, kwa sababu kitambaa hufunika kila kitu. Ajua kila aliyesoma khabari za Mtume wetu (S.A.W.) kwamba siku moja alipita sokoni penye fungu la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua iliyolowesha. Mtume akamwuliza kwa nini asikiweke juu kilicholowa ili watu wakione, kisha akamkana mwenye kughushi kuwa si miongoni mwa watu wake. Makochi mengi ya siku hizi ni fungu lile lile: juu kitambaa kipya, ndani sponji iliyokatika vipande na mbao za masanduku. Basi nasi tutie mkono. Yapinduliwe, chini pafunguliwe kidogo kwa ruhusa ya mwenyewe, yanuswe. Harufu ya ukungu haiondoki kwa jua la siku mbili. Itazamwe mishono na pembe za fremu kwa ajili ya kunguni, ambaye aweza kukaa miezi bila ya kunyonya damu, khasa penye baridi kama kwetu. Godoro kuukuu sisi hatumshauri mtu kulinunua kwa bei yoyote.

Sasa, aliyenunua kisha akaona aibu iliyofichwa afanyeje? Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii ana khiyari ya kurudisha na kupewa fedha zake, maadamu aibu ilikuwapo kabla ya kununua na inapunguza thamani. Lakini khiyari hiyo ina haraka. Atakayeona leo kwamba tendegu limeliwa na wadudu, kisha akakilalia kitanda juma zima akingoja nafasi ya kwenda sokoni, ameridhika nacho. Wauzaji wengi hubandika ukutani tangazo kwamba mali ikisha kuuzwa hairudishwi. Tangazo hilo laweza kumzuia aliyebadili nia tu, wala halimwokoi aliyeijua aibu akainyamazia. Nao wauzao kwa picha tu za simu, mnunuzi akalipa kabla ya kukiona kitu, wajue kwamba qauli yenye nguvu katika madhehebu yetu haisihishi kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona. Tumesikia watu wakitucheka kwa neno hili. Wengi wao wamekwisha pokea kabati lisiloingia mlangoni.

Ama mnada wenyewe, hauna ubaya. Mtume (S.A.W.) aliupiga mnada kwa mkono wake mwenyewe, na mali aliyoinadi ilikuwa vyombo vya nyumba. Alikuja kwake mtu wa Ansari akiomba. Akamwuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na nguo moja nzito, waliyojifunika nusu na kutandika nusu, na chombo cha kunywea maji. Mtume akavitwaa, akauliza nani atavinunua. Mmoja akatoa dirhamu moja. Akauliza nani atazidisha, akakariri, mpaka mwingine akatoa dirhamu mbili. Fedha akampa yule Ansari: moja anunue chakula cha watu wake, ya pili anunue shoka. Mtume akalitia mpini kwa mkono wake, akamwamuru akakate kuni, asionekane kwa siku 15. Aliporudi alikuwa na dirhamu kumi. Yafaa tuitazame khabari hii vizuri. Vitu viliuzwa mbele ya mwenyewe, kwa ridhaa yake, na thamani yake yote ikaingia mkononi mwake.

Lililokatazwa katika mnada ni najshi, yaani mtu kupandisha bei naye hana nia ya kununua, ili mwingine aingie mtegoni. Madalali wengine huwaweka jamaa zao katikati ya watu kwa kazi hiyo. Dawa yake ni mtu kukata bei yake moyoni kabla mnada haujaanza, na ikipitwa aende zake.

Tumebakiwa na jambo lililotufanya tushike kalamu. Katika mitaa yetu imeenea mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mama mwenye biashara ndogo hukopeshwa, tuseme, shilingi 200,000, na katika mwezi huo huo atakiwa arudishe 260,000. Mji wetu umezoea kuanza upya: soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, na lile la SIDO likaungua mwaka 2017, na kila moto ulipozimika mwenye kibanda hakuwa na budi kutafuta mtaji mwingine. Wako pia, na hili twalisema kwa masikitiko, wakopao kwa ajili ya makochi ya harusi. Siku ya kulipa ikipita, vijana huja na gari, wakabeba kabati, televisheni, kitanda, hata masufuria. Baada ya siku chache vitu hivyo viko kando ya barabara kwa bei ambayo hakuna fundi seremala awezaye kuishindania.

Wakopeshaji huonyesha karatasi iliyotiwa sahihi. Lakini rehani haigeuki kuwa mali ya mdai kwa kuchelewa kulipwa. Huuzwa kwa idhini ya mwenyewe au kwa amri ya hakimu, mdai akatwaa haki yake, na kilichozidi kikarudi kwa mwenyewe. Riba iliyoongezwa juu si haki ya mtu. Na sheria ya nchi nayo yasema. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, iliyotungwa mwaka 1966, imekataza kukamatwa kwa nguo za lazima, vyombo vya kupikia, na vitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto wake, hata kama mahakama imekwisha toa hukumu juu yake. Tena Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imemtaka kila mwenye biashara ya kukopesha awe na leseni. Basi aonaye kitanda na masufuria ya mtu mmoja vimepangwa pamoja na kuuzwa rahisi, na muuzaji hana amri ya mahakama wala stakabadhi ya mwenyewe, asijifanye hakuona.

Mwaka jana tuliliona kabati la namna hiyo. Tulilifungua kutazama bawaba, na ndani ya mlango pameandikwa kwa chaki alifu, be, te, mpaka sini, na sini ina meno manne. Mwandiko tuliujua, kwa kuwa ile sini twaisahihisha kila jioni. Bei ilikuwa 60,000. Kwa fundi lisingepatikana chini ya 250,000. Tulimwendea mama wa mtoto yule, apikaye chakula karibu na kituo cha mabasi. Hakutaka kusema, mpaka alipomwita dada yake mkubwa akae naye. Kabati lilichukuliwa yeye akiwa kazini, mtoto akawafungulia mlango. Katika hesabu ya deni lake halikupunguzwa hata shilingi moja. Waliandika kuwa ni faini.

Wazazi wanne wakachanga. Tuliporudi Jumamosi kabati lilikuwa limekwisha uzwa, na aliyelinunua ni jirani yetu, mtu wa safu ya kwanza msikitini. Hakuwa amejua lolote. Alipoambiwa alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimelipa fedha yangu halali, na mke wangu amekwisha panga vyombo." Wapo waliomtetea, nao hawakusema upuuzi, kwani asiyejua hana dhambi. Lakini kuondokewa na dhambi hakukifanyi kitu kilichochukuliwa bila ya haki kuwa chake. Kitu humrudia mwenyewe, na mnunuzi humdai bei yake aliyemwuzia. Tulimweleza hivyo mbele ya mkewe, na yeye mkewe ndiye aliyeanza kuvitoa vyombo kabatini.

Kabati likarudi juu ya guta jioni ile ile. Asli ya deni, zile 200,000, mama yule alikubali kuwa ni haki ya watu, na anazilipa kidogo kidogo mbele ya mwenyekiti wa mtaa, bila ya ziada. Muuzaji wa kando ya barabara alimrudishia jirani yetu 30,000. Zilizobaki zilitoka katika mchango wa wazazi, naye muuzaji twamdai hadi leo.