Kabla hujambebea mama eafraya Desemba hii

Mpango umeshauweka. Desemba ikifika unaenda ushago, na safari hii humpelekei mama leso wala blanketi. Unampelekea eafraya, kama hiyo yako.

Na unajua kwa nini. Tangu ununue yako, bedsita imekuwa na amani. Unatoka kazini saa mbili usiku ukiwa hoi, unakata viazi, unavitia kwenye kikapu, unaenda kuoga. Ukirudi chipsi ziko tayari na ukuta hauna hata tone la mafuta. Sasa unajiuliza: kwa nini mwaitu kule Tulia, Kitui, aendelee kuinamia moshi ilhali kitu kama hiki kipo?

Nia ni nzuri. Lakini kabla hujalipa, jina la nyumbani kwenu lenyewe linakushauri: tulia. Tuangalie kwanza kifaa hiki kinafanya nini, kinakula stima kiasi gani, na jikoni kwa mama kunapikwa nini. Hutaki kurudi Pasaka ukute zawadi yako imegeuzwa kabati la vikombe vya wageni.

Ni oveni ndogo yenye feni

Jina linadanganya kidogo, maana eafraya haikaangi. Ndani, upande wa juu, kuna waya unaopata moto kama ule wa heta, na feni inayosukuma hewa hiyo kwa kasi kuzunguka chakula. Hewa ikikimbia hivyo hukausha haraka maji yaliyo juu ya chakula. Ganda linashika rangi na kuwa kavu, ndani kunabaki laini. Kampuni ya Philips ndiyo iliyoizindua sokoni kwa jina Airfryer katika maonyesho ya IFA jijini Berlin mwaka 2010, kutokana na ubunifu wa Mholanzi Fred van der Weij.

Shika hilo neno "hukausha", kwa sababu ndilo linaloamua kinachofaa kuingia mle ndani na kisichofaa.

Viazi vinafaa sana. Vikate, viloweke kwenye maji baridi nusu saa ili wanga utoke, kisha vifute kwa kitambaa hadi vikauke kabisa. Vichanganye na kijiko kimoja cha mafuta, weka nyuzi 190, dakika 20 hivi, na katikati utoe kikapu ukitikise. Usiviache vikawa vyeusi. Toa vikiwa na rangi ya dhahabu, maana wanga ukiungua hutengeneza akrilamidi, kemikali ambayo wataalamu wa afya wanashauri tuipunguze kwenye chakula.

Viazi vitamu vizima, vilivyooshwa tu na kutobolewa kwa uma, vinataka nyuzi 190 kwa nusu saa au zaidi kidogo kulingana na unene. Samaki mzima aliyechanjwa na kupakwa ndimu na pilipili huiva kwa dakika 20 hivi. Soseji ni dakika 10. Sambusa za jana na chapati ya juzi zinarudi kuwa kama mpya kwa dakika mbili tatu, kazi ambayo mikrowevu haiwezi bila kuzifanya mpira.

Kuku kienyeji ndiye huwaaibisha wengi. Jogoo aliyekimbia shambani mwaka mzima ukimtia mbichi, atatoka na ngozi nzuri na nyama ngumu kama soli ya kiatu. Mchemshe kwanza hadi alainike, mfute maji, kisha mmalizie kwenye eafraya dakika 12 kwa nyuzi 200. Mbuzi naye ni hivyo hivyo.

Usijaribu bhajia za unga wa majimaji, kwa sababu unga utadondoka kwenye matundu ya kikapu kabla haujashika. Sukuma wiki nayo itapeperushwa na feni hadi kwenye waya wa moto. Mandazi yataiva, lakini utakuwa umeoka mkate mdogo, si mandazi. Na chochote kinachohitaji kuchemka ndani ya maji kwa muda mrefu, hapo eafraya haina msaada kabisa.

Hesabu ya tokeni

Geuza kifaa chako, soma kibandiko cha chini. Eafraya nyingi za nyumbani zinaanzia wati 1,400 hadi 1,700. Chukua ya wati 1,500. Ukiiwasha dakika 20 mfululizo, imekula nusu yuniti. Kwa kweli itakula pungufu kidogo, kwa kuwa ikifikia joto uliloweka waya huzima na kuwaka tena.

Bei ya yuniti usiikisie. Fungua SMS yako ya mwisho ya tokeni, chukua pesa ulizolipa, gawanya kwa yuniti ulizopewa. Tuseme umepata Sh30 kwa yuniti. Chipsi zako za leo zimekugharimu Sh15 za stima. Kila siku kwa mwezi mzima ni yuniti 15, yaani Sh450. Kwa mtu anayeishi peke yake na ambaye angemwaga nusu lita ya mafuta kwenye karai, hiyo ni bei nzuri.

Lakini ona pia upande wa pili. Kikapu cha lita nne kinalisha mtu mmoja hadi watatu. Ukiwapikia watu kumi, unapika kwa zamu nne, wa kwanza ameshasahau alikula nini na wa mwisho bado anangoja. Na Desemba kwenu kuna watu kumi kweli? Si ni ishirini?

Sasa ingia jikoni kwa mama

Mama anapika nini Jumatatu hadi Jumapili? Muthokoi, ile mahindi iliyokobolewa ganda, na maharagwe au kunde. Isyo, ambayo huku Nairobi tunaiita githeri. Ndengu. Mbaazi zikiwa za msimu. Uji wa asubuhi, chai, ugali na mboga za jioni. Chipsi? Labda wajukuu wakija.

Ukiitazama orodha hiyo utaona jambo moja: karibu kila kitu kinachemka. Muthokoi na maharagwe vinakaa motoni saa mbili, tatu. Kitui mjini ni zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mahali palipoinuka maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, hivyo nafaka kavu huchelewa zaidi kuiva. Huo ndio moto unaomaliza kuni, na huo ndio moshi unaomtoa machozi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, hasa kutokana na kupikia kuni, makaa na mafuta ya taa, ilichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Eafraya haigusi hata dakika moja ya moto huo. Ukimpelekea, atachoma viazi vitamu mara mbili kwa wiki na kushukuru sana, kisha atarudi kwenye mafiga kuchochea muthokoi kama kawaida. Umenunua zawadi, lakini moshi umeuacha palepale.

Watu wa Kitui hawahitaji kuelezwa kuhusu miti. Magunia ya makaa yaliyokuwa yakielekea Nairobi yalizua mvutano mkubwa kiasi kwamba Januari 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku biashara ya makaa na mchanga kutoka kaunti hiyo. Ukipunguza saa za moto jikoni kwa mama, unapunguza pia mzigo wa kuni anaoubeba au anaoununua.

Stima ya ushago si ya Roysambu

Kuna mambo mengine matatu ya kukagua.

La kwanza ni voltiji. Kwenu huenda mko mwisho wa laini, na jioni taa hufifia watu wote wakiwasha. Kifaa cha kupasha moto hupoteza nguvu haraka voltiji ikishuka. Ikitoka 240 hadi 200, eafraya ya wati 1,500 inabaki na wati 1,040 hivi. Karibu theluthi moja imepotea. Dakika 20 za Nairobi zinakuwa 30 na viazi vinatoka vimenyong'onyea.

La pili ni waya. Nyumba nyingi zilizowekewa stima kwa mradi wa kuunganisha vijiji zilianza na balbu na soketi moja mbili. Usichomeke kifaa cha wati 1,500 kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Kichomeke moja kwa moja ukutani, na kama soketi inapata moto au imelegea, mwite fundi kwanza.

La tatu wengi hawalijui. Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani wa Kenya Power wako katika makundi matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wa zaidi ya 30 hadi 100, na wa zaidi ya 100. Bei ya yuniti ni nafuu zaidi kwa kundi la kwanza. Mama mwenye balbu nne, redio na simu yuko humo. Ukimwongezea yuniti 15 za eafraya kila mwezi, unaweza kumvusha mpaka, na hapo hata stima ya balbu zake inapanda bei. Atakachojua yeye ni kwamba tokeni zinaisha upesi tangu mtoto alete ile mashine.

Kama unataka kuzima moshi

Angalia presha kuka ya stima. Haina sifa TikTok, haitoi chipsi, lakini inafanya kazi ileile inayokula kuni za mama. Inafunga mvuke ndani, joto linapita nyuzi 100, na maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva bila mtu kukaa pale akichochea. Muthokoi uliolowekwa huchukua saa moja hivi kutegemea ukavu wa nafaka. Nyingi ni za wati 1,000, na kwa kuwa zina kizuia joto, sufuria moja ya maharagwe hula takriban nusu yuniti au pungufu. Akipika hivyo mara tatu kwa wiki, ni yuniti sita saba kwa mwezi, na sufuria moja ya isyo inakaangwa tena kesho yake. Bei ya kuinunua haiko mbali na ya eafraya ya kawaida.

Hii haimaanishi eafraya haina nafasi ushago. Kama mama anaishi peke yake au na mjukuu mmoja, stima yake haichezi, na daktari amemwambia apunguze mafuta, inaweza kumfaa sana. Kama anauza viazi vitamu au kuku kwa oda, hiyo pia ni hesabu nyingine.

Njia rahisi ya kujua ni hii: usinunue mpya. Beba yako. Ifunge vizuri kwenye boksi lake, ishikilie mapajani kutoka Nairobi hadi Kitui, kisha kwenye matatu ya kwenda Tulia. Mwonyeshe mara moja, halafu muachie jikoni wiki mbili ambazo uko nyumbani. Usimsimamie. Mwambie tu asisugue kikapu kwa steelwool, kwani ule utandu mweusi ukichubuka haurudi, na nyama yenye mafuta mengi aitilie maji kidogo chini ya kikapu isifuke moshi.

Ikifika tarehe mbili Januari na ameiwasha mara kumi bila kuambiwa, iache huko, wewe utanunua nyingine. Ikiwa imefunikwa kitambaa cha vitambaa tangu Krismasi, irudishe Roysambu bila kununa, na pesa zako zitafute presha kuka.

Lakini usingoje Desemba kuanza. Mpigie leo jioni. Usianze na habari za eafraya. Muulize amepika nini leo, moto aliuwasha saa ngapi, na aliuzima saa ngapi.