Je, Wajua? Gari Likimisi

Je, wajua kwamba injini ya silinda nne, gari likiwa limesimama na mizunguko ikiwa 750 kwa dakika, huwasha mafuta mara 25 kila sekunde? Gari likimisi, yaani silinda moja isipowaka, pengo hujirudia mara sita hivi kwa sekunde. Ndiyo maana usukani hutetemeka na vioo vya pembeni kuchezacheza.

Je, wajua kwamba kompyuta ya gari haitambui kumisi kwa kusikia mlio? Hupima kasi ya krankishafti. Silinda ikikosa kuwaka, kasi hushuka kidogo, na kompyuta huandika namba: P0302 ni silinda ya pili, P0304 ya nne. P0300 ni silinda kukosa kuwaka bila mpangilio, hapo shuku kinachozigusa zote, kama hewa inayovujia ndani au pampu ya mafuta iliyochoka. Namba hukuonyesha nyumba tu, mwizi haimtaji.

Kumtafuta mwizi hakugharimu kitu. Kwenye Toyota IST au Premio yenye injini ya 1NZ-FE, kila plagi ina koili yake, imeshikwa na bolti moja ya spana namba 10. Namba ikiwa P0302, hamishia koili ya silinda ya pili kwenye ya tatu, ya tatu ilete ya pili, futa kumbukumbu, washa. Namba ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Isipogeuka, hamisha plagi, kisha nozeli. Kuhamisha koili ni dakika kumi tu, na bado kuna watu wananunua koili nne kwa mpigo!

Je, wajua kwamba plagi kuukuu huua koili? Ncha ikilika, nafasi ya cheche hupanuka, koili ikalazimika kusukuma umeme mkali zaidi kila mara. Plagi za kawaida hubadilishwa kwenye kilomita 30,000 hivi, za iridiamu hufika 100,000.

Ukiichomoa plagi, itazame juani. Kahawia hafifu, nzuri. Masizi makavu, petroli imezidi. Ikitoka inateleza kwa oili mpaka kwenye nyuzi, na mpira wa koili umevimba, gasketi ya kifuniko cha valvu imekwisha. Ukiweka koili mpya juu ya oili hiyo, utarudi gereji.

Je, wajua kwamba taa ya injini inayowaka na kuzima ni mbaya kuliko inayowaka tu? Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye katalisti na kuiyeyusha. Egesha.

Na gari lenye kilomita 300,000, plagi na koili nzima, bado linamisi? Pima kompresheni. Silinda ikiwa dhaifu, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, shuku valvu au gasketi ya kichwa cha injini.