Vigumba vya kukunjuka: Wawindaji wa kulungu Marekani huchaguaje ncha ya mshale?

KILA mwaka, majani yanapoanza kupukutika mwezi wa Oktoba, misitu ya mashariki na ya kati ya Marekani hujaa watu waliokaa kimya juu ya malingo yaliyofungwa mitini, mita tano au sita kutoka ardhini, pinde mikononi. Wanamngoja kulungu wa mkia mweupe, mnyama ambaye idadi yake nchini humo hukadiriwa kuwa takriban milioni 30. Kabla ya kupanda ulingoni, kila mmoja wao amelazimika kujibu swali ambalo limezua mabishano tangu miaka ya 1990: je, achomeke nchani mwa mshale kigumba cha nyembe zisizosogea, au kile ambacho nyembe zake hukunjuka kinapomgonga mnyama?

Pengine msomaji wa hapa nchini atauliza swali hilo linamhusu nini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 ikaihifadhi marufuku hiyo. Hata hivyo, Wakenya wengi wanaishi katika majimbo kama Minnesota na Texas, ambako kualikwa na jirani kwenda kuwinda si jambo la ajabu. Isitoshe, mshale ni chombo ambacho jamii zetu zilikijua kwa undani, na hoja zinazobishaniwa huko ng'ambo zingeeleweka vyema na fundi yeyote wa zamani wa Kikamba au wa Kiwaata.

Ni vyema pia kufafanua jina. Kulungu tunayemjua Afrika Mashariki ni jamii ya swala, na pembe zake hudumu maisha yake yote. Huyo wa Marekani ni mnyama mwingine kabisa: pembe za dume zina matawi, huanguka kila mwaka na kuota upya. Kiswahili kimewapa wote wawili jina moja, nasi tutalitumia hivyo.

Mshale huua vipi?

Risasi huua kwa kishindo na kwa uharibifu inaousababisha pembeni mwa njia yake. Mshale hauna nguvu hiyo. Huua kwa kukata tu: mishipa hupasuka, damu humwagika, kifua huingiwa na hewa, na mnyama huzimia ubongo wake unapokosa damu. Kulungu aliyepitishwa mshale katika mapafu yote mawili aghalabu huanguka katika muda wa sekunde chache baada ya kukimbia mita mia moja hivi, au hata chini ya hapo. Aliyechomwa tumboni huweza kuteseka saa nyingi, akafia kichakani asionekane tena.

Hapa ndipo mwindaji wa Marekani anapotofautiana na Mwaata wa nyika ya Tsavo. Mwaata alivuta upinde wenye uzito uliozidi ratili mia moja ili kumwangusha ndovu, lakini kazi ya kuua aliiachia sumu iliyochemshwa kutokana na mti wa Acokanthera, ambayo husimamisha moyo. Kwake yeye, kigumba kilikuwa chombo cha kuipeleka sumu ndani ya nyama, na ukubwa wa jeraha haukuwa na uzito sana. Kwa Mmarekani, ambaye sheria za karibu majimbo yote humkataza kutumia sumu, makali ya wembe ndiyo silaha yote aliyo nayo. Si ajabu basi kwamba hubishana juu ya milimita.

Kwa nini wakabuni cha kukunjuka

Kigumba cha nyembe thabiti ni cha kale na cha kuaminika. Hakina kiungo kinachosogea, hivyo hakina cha kukwama. Ila kina ila moja. Nyembe zake, zikiwa mbele ya mshale, hushika upepo kama mbawa. Upinde usiporekebishwa sawasawa na mshale ukaondoka umeyumba kidogo, mbawa hizo za mbele hushindana na manyoya ya nyuma, na mshale huenda kombo. Tatizo hili lilizidi baada ya Holless Wilbur Allen wa Missouri kupata hataza ya upinde wa roda mwaka wa 1969. Upinde huo ulileta kasi ambayo pinde za awali hazikuwa nayo, na kadiri mshale unavyokwenda kasi ndivyo upepo unavyozikamata nyembe.

Kigumba cha kukunjuka huzificha nyembe zake mwilini mwake wakati wa safari, kikaruka karibu sawa na ncha butu ya mazoezi. Kinapogonga ngozi, nyembe hutoka. Vipo vya namna mbili kuu. Katika namna ya kwanza, ncha za nyembe huelekea mbele, na zinapogusa mnyama hupinduka kurudi nyuma kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Tundu la kuingilia aghalabu huwa dogo, na la kutokea likawa kubwa. Aidha, mshale ukimgonga mnyama kwa mshazari, wembe mmoja huweza kushika kabla ya mwenzake na kuupotosha mkondo. Katika namna ya pili, iliyoenezwa sana na vigumba vya Rage, nyembe husukumwa nyuma na kutanuka papo hapo, hivyo ngozi hukatwa kwa upana wote tangu mwanzo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mtu aliyekwisha kuamua kutumia cha kukunjuka ana sababu nzuri zaidi ya kuchagua namna hii ya pili, hasa akipiga kutoka ulingoni, kwani mshale unaoshuka kutoka juu karibu kila mara hugonga kwa mshazari.

Hesabu ya nguvu

Hakuna kinachopatikana bure. Kuzikunjua nyembe hula sehemu ya nguvu za mshale, na kukata jeraha pana hula zaidi. Chukua mshale wa greni 400, yaani gramu 26 hivi, unaokwenda mita 82 kwa sekunde kutoka kwa upinde wa kisasa wa ratili 60 au 70. Nguvu zake ni takriban juli 88, nazo zinatosha kukitoboza kigumba kipana kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Sasa chukua mshale wa greni 350 kutoka kwa upinde wa ratili 40, unaokwenda mita 55 kwa sekunde. Nguvu zake ni kama juli 34 tu. Kumpa kijana au mtu mwenye mikono myepesi upinde huo na kigumba cha inchi mbili ni kumwandalia majuto: mshale utaingia nusu, damu ibaki ndani, na mnyama apotee. Mtu wa namna hiyo heri achague kigumba thabiti chembamba chenye ncha inayokata tangu inapogusa.

Kuna jambo wanunuzi wengi hulipuuza wanapovutiwa na upana ulioandikwa kwenye pakiti. Kigumba cha nyembe mbili chenye upana wa inchi mbili hukata mstari wa milimita 51. Cha nyembe tatu chenye upana wa inchi moja na nusu hutoa mikato mitatu ya milimita 19 kila mmoja, jumla milimita 57. Huyo aliyeonekana mdogo ndiye aliyekata zaidi. Kigumba thabiti cha nyembe tatu chenye upana wa inchi moja na moja ya nane hukata milimita 43. Tofauti ipo, lakini si kubwa kama matangazo ya biashara yanavyotaka tuamini.

Kisha kuna mfupa. Kulungu husikia upinde unapofyatuka. Akiwa umbali wa mita 25, sauti humfikia kwa muda usiozidi sehemu moja ya kumi ya sekunde, ilhali mshale humfikia baada ya sehemu tatu za kumi. Katika nafasi hiyo finyu yeye huinama ili apate kuruka, na mshale uliolengwa mapafuni huishia mgongoni au kwenye kombe la bega. Nyembe nyembamba za kukunjuka, zenye unene usiofika milimita moja, huweza kupinda au kuvunjika hapo. Wanaotetea kigumba thabiti hutaja jambo hili kwanza, nao wana haki.

Takwimu za Indian Head

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Katika kambi ya jeshi la wanamaji ya Indian Head, jimboni Maryland, wawindaji waliopewa ruhusa walitakiwa kuripoti kila kulungu waliyempiga mshale, awe amepatikana au amepotea. Rekodi hizo, zilizoanza mwaka wa 1989 na kuendelea kwa zaidi ya miongo miwili, zilionyesha kwamba waliotumia vigumba thabiti walipata takriban asilimia 82 ya kulungu waliowapiga, na waliotumia vya kukunjuka asilimia 91.

Pengo la asilimia tisa si dogo, maadam kila asilimia ni mnyama aliyejeruhiwa na kupotea. Lakini tahadhari inahitajika. Kila mwindaji alijichagulia kigumba mwenyewe. Hakupangiwa kwa kura. Waliopigwa kwa vigumba thabiti walikuwa zaidi ya elfu moja, na kwa vile vingine mia mbili na ushei. Takwimu hizo zinatosha kukanusha dai kwamba cha kukunjuka ni kichezeo. Hazitoshi kuthibitisha kwamba kigumba chenyewe, wala si mkono wa aliyekitumia, ndicho kilicholeta tofauti hiyo.

Sheria na mfuko

Uwindaji husimamiwa na kila jimbo kivyake. Majimbo mengi hutaka kigumba kiwe na upana usiopungua inchi saba juu ya nane, kama milimita 22. Mengine hukataza vigumba vyenye miiba inayozuia mshale kuchomoka, na yapo ya magharibi yaliyovipiga marufuku kwa miaka mingi vigumba vyote vya kukunjuka. Kwa hiyo anayevuka mpaka wa jimbo na asome kanuni za msimu huo kwanza. Pakiti ya vigumba vitatu huuzwa aghalabu kati ya dola 30 na 60, na ndani ya bei hiyo mna ushuru wa serikali kuu wa asilimia 11 ambao huelekezwa katika uhifadhi wa wanyamapori na mafunzo ya wawindaji.

Atumiaye upinde wa kitako, ule wenye kifyatulio kama cha bunduki, asichukue kigumba chochote kilichopo rafuni. Baadhi ya pinde hizo hurusha mshale kwa zaidi ya mita 120 kwa sekunde, na mshtuko wa kuondoka hutosha kuzikunjua nyembe angani. Vipo vigumba vilivyotengenezewa kazi hiyo, vyenye kishikizo kigumu zaidi.

Kishikizo hicho ndicho cha kukaguliwa mara kwa mara, iwe ni mpira, pete ya plastiki au klipu. Mpira hukauka na kupasuka ukikaa dukani. Pete ikishatumika hutupwa. Mwindaji makini hurusha kigumba kimoja kupitia kipande cha katoni, akatazama kama tundu lina upana ulioahidiwa, kisha akakiweka hicho kando kwa mazoezi na kubakiza chenye makali mapya kwa siku ya mawindo.

Baada ya kupiga, husubiri. Mshale ukiokotwa una damu ya waridi yenye povu, mapafu yametobolewa, na nusu saa yatosha. Damu nyeusi nzito huashiria ini, na hapo hungoja saa nne. Ukiwa na uchafu wa kijani na harufu ya matumbo, mwindaji hurudi nyumbani akaja tena baada ya saa nane hadi kumi na mbili, kwa kuwa kulungu asiyefukuzwa hulala karibu.